Utafiti tendaji: Swali ni la nani?

Majuzi mwalimu mwanafunzi mmoja aliye kwenye mazoezi ya kufundisha alinijia na daftari tupu. Chuo chake kilikuwa kimemwagiza awasilishe ripoti ya utafiti tendaji kabla ya muhula kwisha. "Mwalimu," akaniuliza, "hakuna mahali naweza kupata iliyokwisha kuandikwa, nibadilishe jina la shule tu?" Wenzake, akaniambia bila kuficha, walikuwa wamelipia zao kwenye duka la kompyuta mjini.

Sikumkemea. Nilimuuliza ni jambo gani linalomkera darasani mwake. Akafikiri kidogo, akasema: "Watoto wa Gredi ya Tano wanasoma kwa sauti vizuri sana, lakini ukiwauliza wamesoma nini, kimya." Nikamwambia, basi utafiti wako ndio huo. Alinitazama kama mtu anayedhani anafanyiwa mzaha.

Simlaumu. Hata jina lenyewe lina mtego. Wapo wanaosema utafiti wa vitendo na wapo wanaosema utafiti tendaji. Mimi naegemea hili la pili. "Utafiti wa vitendo" humfanya mtu afikirie masomo ya maabara au ya shambani. Lakini ile -ji ya mwisho, kama tuionavyo katika msomaji na mwimbaji, hutaja mtu na mazoea yake ya kutenda. Katika utafiti tendaji, mtafiti hakai kando akiandika. Anaona tatizo la kazi yake mwenyewe, anajaribu njia, anakusanya ushahidi wa kilichotokea, kisha anarekebisha na kujaribu tena.

Wazo hili halikuzaliwa darasani. Mmoja wa waasisi wake ni Kurt Lewin, mwanasaikolojia Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka wa 1933 Hitler aliposhika madaraka, akahamia Marekani. Mwaka wa 1946 alichapisha makala kuhusu utafiti tendaji na matatizo ya makundi ya wachache. Alikuwa amechoshwa na tafiti zinazoishia vitabuni ilhali ubaguzi unaendelea mitaani. Alipendekeza kazi ya kuzunguka kama ngazi ya mviringo: kupanga, kutenda, kuchunguza matokeo, halafu kupanga upya. Alifariki mwaka uliofuata, kabla ya kuona wazo lake likiingia shuleni.

Aliyelifikisha kwa walimu ni Stephen Corey wa Teachers College katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kitabu chake cha mwaka wa 1953 kilihusu kuboresha kazi za shule kwa njia hii. Hoja yake ilikuwa nyepesi lakini nzito: mwalimu anaweza kuipuuza ripoti ya mtaalamu, ila ni vigumu kuupuuza ushahidi aliouokota kwa mikono yake.

Wasomi wengine hawakupendezwa. Walimu wa kawaida, walisema, wanajua nini kuhusu utafiti? Mwaka wa 1957 Muungano wa Sovieti ukarusha Sputnik angani, na Wamarekani wakashtuka kwamba wameachwa nyuma. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa ya kumwaga fedha katika elimu ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Wakati huo mitaala mikubwa iliandaliwa na wataalamu, naye mwalimu akatakiwa kuipokea na kuitekeleza. Utafiti tendaji ukafifia.

Ulifufukia Uingereza. Serikali ya huko ilikuwa imeamua kupandisha umri wa kuacha shule kutoka miaka 15 hadi 16, uamuzi uliotekelezwa mwaka wa 1972. Vijana ambao zamani wangekuwa kazini sasa wangebaki darasani, wengi wao shingo upande. Wangefundishwa nini? Mwaka wa 1967 Lawrence Stenhouse alianza kuongoza mradi ambamo vijana walijadili mambo mazito kama vita, umaskini na ubaguzi wa rangi. Mwalimu alikuwa mwenyekiti asiyeegemea upande wowote. Kwa mtu aliyezoea kuhubiri kutoka ubaoni, hiyo ilikuwa kazi ngumu. Ndipo Stenhouse akaona kwamba mtaala ni jambo la kujaribiwa na mwalimu darasani, na kwamba haitoshi kazi ya mwalimu kuchunguzwa na wengine. Lazima naye aichunguze. Hoja hiyo aliiandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1975.

Mwenzake, John Elliott, aliisogeza mbele. Katika mradi alioufanya na Clem Adelman kati ya 1973 na 1975, somo lilitazamwa kutoka pembe tatu: ya mwalimu, ya wanafunzi na ya mtazamaji. Mwalimu aliyeamini kwamba maswali yake yako wazi angeweza kugundua kuwa wanafunzi wanayaona kama kitendawili: bahatisha jibu lililo kichwani mwa mwalimu.

Isidhaniwe kwamba mambo haya yalikuwa ya Wazungu wa mbali tu. Miaka hiyohiyo, jirani zetu wa Tanzania walikuwa na mjadala wao. Paulo Freire wa Brazil alizuru huko mwaka wa 1971, na wasomi waliokuwa Dar es Salaam, akiwemo Budd Hall katika elimu ya watu wazima, wakaanza kuuliza kwa nini mwanakijiji ahojiwe kama mshtakiwa kisha asione matokeo. Kuanzia mwaka wa 1975 Marja-Liisa Swantz na wenzake waliendesha katika wilaya ya Bagamoyo mradi ambamo wanavijiji walichunguza maisha yao pamoja na watafiti. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Jipemoyo. Ukitaka falsafa nzima ya utafiti huu kwa neno moja, hilo hapo.

Humu nchini, walimu wa hisabati na sayansi watakumbuka SMASSE, mradi ulioanza mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na shirika la Japani la JICA. Ulikuja na mzunguko ambao Lewin angeutambua mara moja: panga, tenda, tazama, boresha. Walimu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kuketi nyuma ya darasa la mwenzao bila kumkagua. Lakini mafunzo yenyewe yalishuka kutoka kwa wakufunzi wa kitaifa hadi wa wilaya, kisha kwa mwalimu. Mzunguko ulikuwa wa mwalimu. Swali mara nyingi lilikuwa limekwisha kuulizwa na wengine.

Hapo ndipo penye kiini. Kila mwalimu aliponyang'anywa swali, utafiti tendaji uligeuka fomu ya kujazwa. Na fomu, sote twajua, hujazwa hata dukani.

Nalisema hili kwa sababu limenipata. Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, niliamini kabisa kwamba Sheng ndiyo inayoziua insha za wanafunzi wangu. Nililalamika katika chumba cha walimu na katika mikutano ya wazazi. Siku moja nikaamua kuhesabu. Nilichukua rundo la insha za Kidato cha Pili, nikaainisha makosa moja baada ya jingine. Sheng ilikuwepo, ila kwa uchache wa kuhesabika vidoleni. Makosa mengi yalikuwa ya upatanisho wa ngeli, yaleyale niliyoyasahihisha kwa wino mwekundu muhula mzima. Nikawauliza wanafunzi. Wakaniambia kwa heshima kwamba vitabu vilirudi baada ya wiki tatu, wakatazama alama, wakafunika. Tatizo lilikuwa mezani pangu. Hakuna mkaguzi ambaye angeniambia hivyo nikamwamini.

Ndiyo maana wanaotaka walimu wafanye utafiti hawana budi kuwapa muda, na kuwahakikishia kwamba atakayekiri kasoro yake hataadhibiwa kwayo. Bila hayo tutaendelea kusoma ripoti tamu za shule zisizo na tatizo lolote.

Yule mwalimu mwanafunzi alirudi baada ya wiki mbili. Daftari lilikuwa na kurasa mbili tu za mwandiko wake. Alikuwa amemwomba mwenzake aketi nyuma ya darasa na saa, apime muda anaowapa watoto kujibu baada ya kuwauliza swali. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hata sekunde mbili hazifiki. Najijibu mwenyewe."

Nikamwambia afungue ukurasa wa tatu.