KRISMASI YA NYUMBANI NA SAHANI YA BISKUTI

Ndugu msomaji, katika kijitabu hiki utasoma habari za hisa, mikopo, faini na mgao wa kila mwaka. Hizo ni habari za daftari. Sisi tulioombwa kuandika ukurasa huu tumeona si vema miaka 10 ipite bila kueleza habari ya biskuti tunazobadilishana kila Desemba. Wageni wengi hutuuliza: "Jamani, kikundi cha kuweka na kukopa na biskuti, wapi na wapi?" Jibu lake ni refu kidogo, na linaanzia mbali.

SIKUKUU ILIYOPIGWA MARUFUKU

Wengi wetu tumekua tukidhani Krismasi ilikuwa hivi hivi tangu zamani. Sivyo. Tarehe 25 Desemba inaonekana katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, lakini namna ya kuiadhimisha imebadilika sana. Huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1659 ilitungwa sheria ya kumtoza faini ya shilingi 5 mtu yeyote atakayeonekana anasherehekea Krismasi, iwe kwa kuacha kazi au kwa karamu. Viongozi wa dini wa huko waliona siku hiyo imejaa ulevi na fujo za mitaani. Sheria ilifutwa mwaka 1681, lakini Krismasi ikawa sikukuu rasmi ya serikali kuu ya Marekani mwaka 1870 tu.

Kilichoirudisha sikukuu hiyo kwenye heshima ni nyumba. Katika karne ya 19 ilitolewa barabarani ikaingizwa ndani, ikawa siku ya mama, watoto na meza. Wahamiaji wa Kijerumani walikuja na mti wa Krismasi pamoja na biskuti zao za viungo. Waholanzi walikuwa wameshaleta zao zamani, na hata jina ambalo Wamarekani wanaiitia biskuti, cookie, limetoka kwenye Kiholanzi. Mwaka 1796 mama mmoja aitwaye Amelia Simmons alichapisha kitabu cha mapishi, na ndani yake mna biskuti za Krismasi. Anashauri ziwekwe kwenye chungu cha udongo, maana mwanzoni ni ngumu, lakini zikikaa miezi 6 zinalainika na kuwa tamu zaidi. Kumbe hata huyo alijua faida ya kuweka akiba!

Katika karne ya 20 wanawake wa huko, majirani na wenzi wa kanisani, walizoea kubadilishana biskuti. Hesabu yake ni rahisi. Chukua wanawake 12. Kila mmoja anaoka biskuti 72 za aina moja tu. Wakikutana, kila mtu anachukua 6 za kila mwenzake na kubakiza 6 zake. Amekuja na 72 za aina moja, anarudi na 72 za aina 12. Hakuna aliyepoteza, na hakuna aliyekesha jikoni akipika aina 12 peke yake.

KARAFUU ZETU KWENYE BISKUTI ZAO

Tusidhani habari hiyo haituhusu. Biskuti hizo za Ulaya na Marekani zilitiwa mdalasini, tangawizi na karafuu. Katika karne ya 19 karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba, ambako Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, alihimiza zao hilo. Waliozichuma juani walikuwa watumwa, na wengi wao walitekwa huku bara kwetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikachukua nafasi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Zanzibar, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, pale pale palipokuwa soko. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hapo Zanzibar mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo tunapotia karafuu kwenye unga, tukumbuke kwamba utamu huo uligharimu watu.

KRISMASI YA KWETU

Huku bara Krismasi iliingia na misheni katika karne ya 19. Walutheri wa Leipzig, kwa mfano, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Chakula cha sikukuu kilikuwa kile kile cha nyumbani, ndizi, nyama, wali kwa aliyejaliwa. Biskuti na keki zilikuja baadaye, kupitia madarasa ya upishi shuleni na vilabu vya kina mama. Oveni wachache walikuwa nayo. Kina mama walitumia sufuria yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, mfuniko juu, na makaa juu ya mfuniko. Mpaka leo baadhi yetu tunaoka hivyo hivyo, na ukipewa huwezi kujua tofauti.

Wakubwa wetu hawajasahau miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera. Sukari, unga na sabuni vilipatikana kwa foleni, tena kwa kujuana. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984. Ndipo watu walipojifunza kugawana: huyu ana sukari, yule ana mafuta, mnapika pamoja. Hata Marekani yenyewe sukari iligawiwa kwa kipimo kuanzia mwaka 1942 hadi 1947 kwa sababu ya vita. Shida haina kabila.

Desturi ya sahani kwetu ni ya zamani kuliko biskuti. Pwani, mwezi wa Ramadhani na siku ya Idi, sahani zinavuka ua kwa ua, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Tena lile neno upatu, kabla hujafikiria mchezo wa kuchangiana hela, ni jina la sahani ya shaba inayopigwa ngomani. Basi sahani na akiba kwetu ni ndugu.

KWA NINI KIKUNDI KILIANZA

Mwaka wetu wa pili, ilipofika Novemba, wanachama wengi waliomba mkopo kwa mpigo. Walipoulizwa wa nini, ni nauli ya kwenda kwao, mbuzi, nguo za watoto na zawadi za wakwe. Mweka hazina alipiga hesabu, akasema: "Tukitoa zote hizi, Januari sanduku litakuwa jeupe." Na Januari kila mama anaijua: sare, madaftari, kodi ya nyumba, na ada kwa wenye watoto shule za kulipia. Mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema asiyekwenda kwao Krismasi anaonekana amewatupa wazee, na mke ndiye anayelaumiwa. Hilo ni kweli, wala hatukulidharau.

Tulikubaliana mambo matatu. Mikopo ya sikukuu isitolewe baada ya Oktoba. Anayetaka kusafiri aweke akiba yake pembeni tangu Machi, au apishanishe: mwaka huu kwao, mwaka ujao abaki. Na wanaobaki wasibaki peke yao. Hapo ndipo biskuti zilipoingia.

Kila Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi tunakutana, kila mtu na aina yake: za nazi, za tangawizi, visheti, kashata za karanga, hafkeki. Kipimo tunachokitumia sana ni unga kilo 1, majarini nusu kilo na sukari robo. Asiye na uwezo wa unga huleta mkaa au mikono yake, na anarudi na sahani sawa na wenzake. Wenzetu Waislamu huoka nasi, na Idi ikifika sisi huenda kwao.

Mwenzetu mmoja aliyefiwa na mumewe alituambia hakutaka ngoma wala wageni mwaka ule. Alikaa na wanawe sebuleni, chai na ile sahani. Alisema watoto waliuliza kila biskuti imetoka kwa nani, akawatajia majina yetu mmoja mmoja mpaka sahani ikaisha. Aliona kwamba hawako peke yao. Tangu hapo hakuna aliyetuambia tena kwamba Krismasi ya kimya ni ya maskini.

TUNAYOYAACHA

Kina mama mtakaoshika kikundi hiki miaka 10 ijayo, daftari mtalirithi, na sanduku mtalirithi. Tunawaomba mrithi na sahani. Mwanachama akibaki nyumbani Desemba, mjue kwa nini amebaki, na mgongee mlango wake. Haba na haba hujaza kibaba, na hilo si la fedha tu.

Heri ya miaka 10, na heri ya Krismasi kwa wote.