Kupima saratani ya utumbo mpana kwa wazee wetu: maelezo na hukumu zake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Suala hili kwa kawaida huulizwa na mtoto kwa niaba ya mzazi. Mzee anatoka damu anapokwenda haja kubwa, au haumwi kitu lakini daktari amemshauri apimwe, naye hataki. Husema ni bawasiri, au ni uzee tu, au kwamba hawezi kumvulia mtu nguo kwa umri aliofikia. Tutaeleza maradhi kwanza, kisha hukumu zinazofungamana na vipimo.

Maradhi yenyewe

Saratani ya utumbo mpana ni ya tatu duniani kwa wingi wa wanaougua na ya pili kwa kuua. Mwaka 2022 walikadiriwa wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9, na waliofariki zaidi ya laki 9. Mara nyingi huanza na kinyama kidogo ndani ya ukuta wa utumbo, ambacho huchukua miaka mingi, pengine 10, kabla hakijageuka saratani. Kikionekana mapema hukatwa siku hiyo hiyo ya kipimo na mambo yakaisha. Ndiyo maana hupimwa mtu ambaye hajaona dalili yoyote.

Kwa asiye na dalili, Marekani hushauri kuanza miaka 45 (kabla ya 2021 ilikuwa 50). England huwapelekea watu wa miaka 50 hadi 74 kikopo cha kupimia kwa posta kila baada ya miaka miwili, na ndugu zetu wanaoishi huko tunawaomba wasikitupe. Huku kwetu visiwani hakuna barua inayokuja nyumbani, kwa hiyo mtu lazima aulize mwenyewe hospitali. Aliyekuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye maradhi haya amwambie daktari, kwani yeye huanza mapema zaidi, aghalabu miaka 40. Baada ya miaka 75 jambo huangaliwa mtu kwa mtu. Mzee dhaifu aliyelala kitandani huenda kipimo kikamletea taabu kuliko faida, na kumwacha si kumtupa.

Mwenye dalili hasubiri umri wala zamu. Damu katika choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, au upungufu wa damu kwa mwanamme mtu mzima au bibi aliyekoma hedhi, yote haya ni ya kumwona daktari. Kichocho tulichokizoea hapa kwetu hutoa damu kwenye mkojo, kwa hiyo asijipoze nacho anayeiona kwenye choo kikubwa. Bawasiri nayo ipo kweli, lakini inayoithibitisha ni uchunguzi wa daktari.

Je, ni wajibu?

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, asili ya kujitibu ni sunna, si wajibu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, ilisema matibabu huwa wajibu ikiwa kuyaacha kutapelekea kupoteza nafsi au kiungo. Kwa hiyo asiyekuwa na dalili akipima amefanya jambo jema, na asipopima hatumwambii amepata dhambi. Lakini anayetoka damu mwezi wa tatu sasa na kukataa hata kuangaliwa, hali yake ni nyengine.

Ama hoja ya uzee, imo katika hadithi ya Usama bin Shariki iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kujitibu, akawaamrisha wajitibu, akaeleza kuwa kila maradhi yamewekewa dawa isipokuwa uzee. Wapo wanaoishika hadithi hii kwa mkia wakaacha kichwa. Kutokwa na damu si uzee, ni maradhi.

Majmaa hiyo hiyo imeshurutisha idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu. Basi watoto wasimpeleke mzee kwa hila, wakamwambia anakwenda kupima presha. Wamweleze.

Kipimo cha kikopo

Mtu huchukua choo kidogo kwa kijiti nyumbani kwake, akakitia katika kikopo, na maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hakuna anayemwona uchi. Ikiwa kikopo anacho mfukoni na wakati wa sala umeingia, akiweke kando kabla ya kusali, kwa sababu kauli sahihi kwetu ni kuwa sala ya aliyebeba najisi haisihi hata kama chombo kimefungwa. Kikionesha damu, bado si saratani. Maana yake ni kwamba kamera inahitajika.

Kipimo cha kamera

Siku moja kabla, mgonjwa hunywa dawa ya kuharisha pamoja na maji mengi, kisha mpira mwembamba wenye kamera huingizwa kwa njia ya nyuma. Ukionekana utumbo safi, aghalabu harudii mpaka miaka 10.

Kufunua utupu kwa ajili ya tiba kunajuzu kwa kiasi cha haja. Mwanamme aangaliwe na mwanamme, na mwanamke na mwanamke. Akikosekana daktari wa kike, daktari wa kiume anajuzu, naye awepo mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Familia ina haki ya kuliomba hili mapema wakati wa kupanga siku, si mlangoni.

Udhu unatenguka, kwa usingizi wa dawa na kwa mpira unapotolewa, lakini josho la janaba halimlazimu. Saumu inabatilika kwetu kwa kinachoingizwa njia ya nyuma, mbali na dawa anayokunywa. Asiye na dalili apange siku nje ya Ramadhani. Mwenye dalili asingojee Shawwal, bali ale na alipe.

Mfuko wa choo

Wengi wanachokiogopa hasa ni kufanyiwa operesheni na kuwekewa mfuko tumboni, wakidhani sala na msikiti vimekwisha. Mwenye mfuko huchukua hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu: huusafisha au kuubadilisha kwa kadiri ya uwezo wake, hutia udhu baada ya kuingia wakati, kwa kila sala ya faradhi, na husali hata kikitoka kitu ndani ya sala. Msikitini huingia maadamu hapachafui.

Wallahu aalam.