Mgao wa Kahawa, Kutoka New York hadi Kilimanjaro

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro amezoea kulipwa kwa mafungu. Kahawa yake anaimenya, anaichachusha, anaiosha na kuianika kichanjani, kisha anaipeleka chama cha msingi. Hapo inapimwa, anapewa malipo ya awali, anarudi nyumbani kusubiri. Magunia yanakwenda Moshi kukobolewa, yanaingia mnadani, na mnada ukishapita ndipo inapojulikana kama kuna malipo ya pili. Bei anayoisubiri haipangwi Moshi. Kwa miaka mingi ya miongo ya kwanza baada ya uhuru, msingi wake uliwekwa na mkataba uliojadiliwa New York mwaka 1962.

Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulizaliwa na hofu mbili. Nchi zinazolima zilikuwa zimeona bei ikiporomoka tangu katikati ya miaka ya 1950, baada ya miche mingi kupandwa dunia nzima. Marekani nayo iliogopa siasa: Fidel Castro alikuwa ameshika Cuba mwaka 1959, na Washington ikaona kwamba wakulima wenye njaa huko Amerika ya Kusini wangemfuata. Ndipo mnunuzi mkubwa kuliko wote akakubali kununua kwa bei ya juu kidogo. Kila nchi inayouza ikapewa mgao wa magunia ya kilo 60, na bei ikishuka mno mgao unapunguzwa. Nchi zinazouza zilikuwa na kura 1,000, zinazonunua kura 1,000, na uamuzi mkubwa ulihitaji theluthi mbili za kila upande.

Ulinzi wa utaratibu huu ulikuwa kipande cha karatasi. Kila shehena ilisafiri na hati ya asili, baadaye ikabandikwa stempu maalumu, na bila stempu forodha ya nchi mwanachama haikuipokea kahawa hiyo. Tanzania na Kenya ziliwekwa kundi moja na Colombia, kundi la arabika laini, ambayo bei yake ni ya juu.

Wachagga wa Kilimanjaro hawakungoja mkataba huo ndipo wajipange. Walikuwa na chama chao cha wakulima tangu 1925, wakati walowezi walipotaka Mwafrika akatazwe kulima kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho fedha zake zilisomesha watoto wengi wa mlimani. Mkataba ulikuta mikono iliyokwisha kujua kazi.

Je, ulisaidia? Naamini ulisaidia. Mtu anayepanda mbuni husubiri miaka kama mitatu au minne kabla ya kuvuna, na hawezi kuung'oa kila bei inapoyumba. Anachohitaji ni bei inayotabirika, na mgao ulimpa hiyo. Migao ilisimamishwa kati ya 1973 na 1980, na tukaona soko lisilo na lijamu linavyofanya. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kufikia 1977 ratili moja ilipita dola 3. Kahawa ya Uganda, ambako serikali ya Idi Amin ilimlipa mkulima kiasi kidogo mno, ilivushwa kwa magendo vichwani, kwa baiskeli na kwa punda hadi Chepkube, soko dogo la mpakani upande wa Bungoma, Kenya, na waliowahi kulifikia wakatajirika kwa msimu mmoja.

Lakini haki inadai tuseme na la nyumbani. Mwaka 1976 Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na zao likakabidhiwa mamlaka ya serikali. Bei ya dunia ilipanda, ila sehemu kubwa ya neema hiyo ilibaki njiani kabla ya kufika kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Mchagga. Kanuni ya kimataifa ilishika bei ya bandarini tu. Mkulima hakuwa na mkataba wa kumlinda dhidi ya mamlaka yake mwenyewe.

Migao ilirudi mwaka 1980, na kwa sehemu kubwa ya muongo huo ikalenga kuweka bei kati ya senti 120 na 140 za Kimarekani kwa ratili. Nyufa zilikuwa zimeanza. Nchi zisizo wanachama zilinunua kahawa ileile kwa bei ya chini sana, na nyingine ikarudi kwa mlango wa nyuma kwenye soko lenye migao. Brazil, yenye karibu theluthi ya mgao wote, haikutaka kupunguziwa. Marekani haikuwa tena na hofu ya 1962. Julai 1989 migao ikaondolewa, na ndani ya miezi michache bei ikashuka kwa karibu nusu. Mwaka 2001 wastani wa bei ya dunia ulikuwa chini ya senti 50.

Shirika la Kimataifa la Kahawa lilieleza matokeo kwa hesabu nyepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kahawa iliyouzwa rejareja ilikuwa na thamani ya dola bilioni 30 hivi, na nchi zinazolima zilipata bilioni 10 hadi 12. Miaka kumi baadaye mauzo yalipita bilioni 70, nazo zikapata bilioni 5.5. Kilimanjaro watu waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Kiambu, nchini Kenya, mashamba yakageuka viwanja.

Hali hiyo iliitwa soko huria. Mimi naona kanuni hazikuondoka, zilihama tu kutoka mezani ambapo Tanzania ilikuwa na kura. Kwa mfano, mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayokataa kahawa iliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Nia yake ni njema, na utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja. Inadai kila shamba lionyeshwe mahali lilipo. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya ramani inatosha, lakini vihamba vya mlimani ni vidogo na ni maelfu kwa maelfu, na kila nukta lazima mtu aifuate kwa miguu, simu mkononi. Mwagizaji wa Ulaya ndiye mwenye wajibu kisheria. Gharama ya kuzunguka vihamba inaelekea kukatwa kwenye malipo ya pili.