Askari weusi waliotangulia njia kwa baiskeli

Hapa mjini mtu anayepanda baiskeli huonekana kuwa ni mtu ambaye mambo yake hayajamnyookea. Ni mbeba mkaa anayetoka Kisarawe, au ni muuza samaki anayewahi Feri alfajiri. Mwenye gari humpigia honi apishe, na kondakta wa daladala humtupia neno la kejeli. Lakini ziko nchi ambazo watu wenye uwezo wao, wenye magari nyumbani, huchukua likizo na kutumia fedha nyingi ili tu wapande baiskeli siku saba, siku kumi, hata miezi miwili, wakikatiza mabonde yenye mashamba na makorongo ya milimani.

Mojawapo ya sehemu hizo ni jimbo la Montana, kaskazini-magharibi ya Marekani. Mji wa Missoula katika jimbo hilo umezungukwa na milima, na mabonde yanakutana hapo kama vidole vinavyokutana kwenye kiganja. Kusini liko bonde la Bitterroot, kaskazini liko bonde la Mission, yote yakiwa na malisho ya ng'ombe na mashamba. Mwaka 1976, Marekani ilipotimiza miaka 200 ya uhuru wake, maelfu ya watu walishiriki safari za baiskeli kwenye njia ya kuikatiza nchi hiyo kutoka bahari ya Atlantiki hadi Pasifiki, umbali wa kilometa zaidi ya 6,000. Njia hiyo ilipita Missoula, na chama kilichotokana na safari hizo kikaweka makao yake makuu mjini humo.

Basi mtu akitazama picha za matembezi hayo, wale wanaume na wanawake waliovaa kofia za plastiki na kaptula za kubana, wengi wao weupe, anaweza kudhani kuwa huo ni mchezo uliobuniwa na matajiri kwa ajili ya matajiri. La hasha. Miaka 80 kabla ya safari hizo, njia za milima ile zilipitwa na wapanda baiskeli wengine kabisa. Walikuwa ni askari weusi, na hawakwenda kutalii. Walikwenda kwa amri.

Kuna haja ya kueleza kidogo mambo yalivyokuwa. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokomesha utumwa mwaka 1865, jeshi la Marekani lilibakiwa na vikosi vinne vya watu weusi: viwili vya farasi na viwili vya miguu. Askari walikuwa weusi, maofisa karibu wote walikuwa weupe. Msikilizaji ambaye babu yake alitumikia KAR hahitaji kuelezwa zaidi mpango wa namna hiyo. Kimojawapo cha vikosi hivyo, kikosi cha 25 cha miguu, kilipelekwa Montana mwaka 1888, na sehemu yake ikakaa katika ngome ya Fort Missoula.

Miaka hiyo baiskeli ndiyo iliyokuwa habari ya mjini. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kuwa sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, kama hizi tunazozijua. Mwaka 1888 John Dunlop, huko Belfast, akaja na mpira wa kujazwa upepo. Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baiskeli. Majeshi nayo yakaanza kujiuliza: farasi hula, hunywa, huugua na hulia usiku adui akasikia. Baiskeli haili wala hailii. Je, haiwezi kumbeba askari?

Aliyetaka kulijibu swali hilo ni luteni kijana wa kikosi cha 25, James A. Moss, mtu wa Louisiana, aliyemaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho darasani. Kwa kibali cha Jenerali Nelson Miles, mwaka 1896 alichagua askari wanane na kuunda kikosi cha baiskeli. Baiskeli zenyewe zilitolewa na kampuni ya A. G. Spalding. Kila askari alibeba blanketi, sehemu ya hema, vyombo, chakula na bunduki.

Safari ya kwanza, mwezi Agosti 1896, iliwapeleka kaskazini kupitia bonde la Mission hadi ziwa McDonald lililo chini ya milima, kwenda na kurudi kilometa kama 200. Mvua iliwanyeshea, tope likaganda kwenye magurudumu hata yakakataa kuzunguka. Mito mingine haikuwa na daraja. Ilibidi baiskeli ininginizwe kwenye mti, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma, wavuke nayo mabegani kama wawindaji waliobeba mnyama.

Siku chache baadaye waliondoka tena, safari hii kwenda Yellowstone, mbuga ya taifa iliyotengwa tangu mwaka 1872. Njia ya kuingia mbuga hiyo kutoka kaskazini hufuata mto Yellowstone. Kwanza ni bonde pana, tambarare, lenye malisho pande zote mbili. Kisha milima husogeleana, na mto na barabara hubanana katika korongo la Yankee Jim. Wakati fulani barabara ya korongo hilo ilikuwa ya mtu binafsi, aliyetoza ushuru kila aliyepita. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilikuwa kama kilometa 1,280. Iko picha maarufu iliyopigwa huko mwaka 1896: askari hao wamesimama na baiskeli zao juu ya ngazi za mawe meupe zilizojengwa na maji ya moto yatokayo ardhini. Wamesimama wima, sare zao zimefungwa vifungo, wala hakuna anayecheka.

Mwaka uliofuata Moss aliomba jaribio kubwa zaidi. Tarehe 14 Juni 1897, askari 20 waliondoka Fort Missoula pamoja naye, daktari mmoja wa jeshi na mwandishi wa gazeti la mjini hapo, kijana Edward Boos. Walikuwa wanakwenda St. Louis, kilometa zaidi ya 3,000. Msikilizaji, huo ni umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kurudi Dar es Salaam, kisha kushika njia ya Mbeya. Baiskeli pamoja na mzigo wake ilikuwa na uzito wa kilo kama 27, na haikuwa na gia za kubadilisha. Mlimani mtu alishuka akasukuma.

Kiongozi wa askari alikuwa Sajini Mingo Sanders, mtu mzima anayekaribia miaka 40, mzoefu wa jeshi. Fundi alikuwa John Findley, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha baiskeli huko Chicago. Siku za mwanzo zilikuwa za mvua. Kwenye mgongo wa milima, pale ambapo maji hugawana njia ya kwenda Pasifiki na ya kwenda Atlantiki, walikutwa na baridi na theluji. Walipoteremka kwenye nyanda walikuta tope zito linalonata kama ulimbo, na mara nyingi waliona afadhali kupita juu ya mataruma ya reli, mtikisiko mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima. Huko Nebraska wakaingia kwenye vilima vya mchanga, joto likapanda kupita nyuzi 40, na maji yakawa ya chumvichumvi yenye kuumiza tumbo. Moss mwenyewe aliugua akaachwa nyuma kwa muda, ikabidi awafuate kwa treni. Askari waliendelea.

Tarehe 24 Julai 1897 waliingia St. Louis. Walikuwa wametumia siku 41, na kati ya hizo 34 ndizo za mwendo wenyewe, wastani wa kilometa 90 kwa siku. Watu wa mji waliwalaki, na maelfu walikwenda kuwatazama kambini. Moss aliripoti kwamba safari hiyo ilichukua nusu ya muda na theluthi ya gharama ambayo ingetumika kwa askari wa miguu au wa farasi. Hata hivyo jeshi liliwarudisha Montana kwa treni. Mwaka 1898 vita na Hispania vilizuka, kikosi cha 25 kikapelekwa Cuba kupigana, na mambo ya baiskeli yakaishia hapo.

Sasa yafaa tujiulize: askari hao walikuwa wanafanyiwa majaribio hayo katika nchi ya namna gani? Mwezi Mei 1896, miezi mitatu tu kabla ya safari ya kwanza, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imehalalisha ubaguzi wa mabehewa, weupe kwao na weusi kwao. Na chama kikubwa cha wapanda baiskeli wa nchi hiyo, League of American Wheelmen, ambacho ndicho kilichoongoza kampeni ya kudai barabara nzuri, kilipitisha mwaka 1894 kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwanachama. Kwa hiyo Sajini Sanders aliweza kukatiza milima ya taifa lake kwa baiskeli, lakini asingeweza kupewa kadi ya chama cha baiskeli.

Na si hilo tu. Mwaka 1906 sehemu ya kikosi cha 25 ilikuwa katika mji wa Brownsville, Texas. Usiku mmoja wa Agosti risasi zilipigwa mjini, mtu mmoja akafa na askari polisi akajeruhiwa. Wenyeji wakasema ni wale weusi. Askari wakakana, na maofisa wao weupe wakasema walikuwa kambini. Hakuna aliyeshtakiwa mahakamani. Hata hivyo Rais Theodore Roosevelt aliamuru wote 167 waachishwe jeshi bila heshima. Mmoja wao alikuwa Mingo Sanders, aliyekuwa ametumikia miaka 26 na kubakiza kidogo apate pensheni. Aliondoka mikono mitupu.

Ilichukua miaka 66. Mwaka 1972, baada ya mwandishi John Weaver kulichunguza jambo hilo katika kitabu na Mbunge Augustus Hawkins kulipeleka bungeni, jeshi lilikiri kwamba adhabu ile haikuwa ya haki na likawarudishia heshima yao. Dorsie Willis, mzee aliyekuwa bado hai, alilipwa dola 25,000. Sanders alikwisha fariki zamani. Heshima ilimfuata kaburini.

Miaka ya baadaye watu wameanza kukumbuka. Mwaka 1974 vijana weusi wa Chuo Kikuu cha Montana waliirudia safari ya kwenda St. Louis, na mwaka 2022, miaka 125 ilipotimia, Erick Cedeño aliipita tena njia hiyo kwa baiskeli.

Tusiwacheke Wamarekani kwa kusahau. Kila siku maelfu yetu tunakwenda Kariakoo kununua nyanya na mitumba. Ni wangapi tunaokumbuka kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na wengi wao wakafa njiani kwa maradhi na njaa? Jina lipo midomoni, wenye jina hawapo. Njia huwa na mtu wa kwanza aliyeipita akiwa amelowa, ana njaa na amebeba mzigo wa mwingine. Anayekuja nyuma yake na kuifurahia hana kosa. Kosa huanza pale anapodhani kuwa yeye ndiye aliyeifungua.