Kariakoo: Mtaa uliolea siasa unavyofutika nyumba kwa nyumba

Kuporomoka kwa jengo la ghorofa Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, ajali iliyoua zaidi ya watu 20, kulizusha mjadala mkubwa kuhusu vibali vya ujenzi na usalama wa majengo, lakini mjadala huo haukugusa habari za nyumba zilizokuwapo katika viwanja vya mtaa huo kabla ya maghorofa, wala za watu walioishi humo.

Mwanzo wa mtaa huu unafahamika. Wajerumani walilitenga eneo lililo magharibi ya Mnazi Mmoja liwe makazi ya Waafrika. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, iliyouachia mtaa jina, kisha wakaendeleza mpango uleule wa kuwatenga wakazi kwa rangi zao.

Nyumba zilizojengwa humo ni zile ziitwazo nyumba za Kiswahili, yaani nyumba za chini zenye ukumbi unaopita katikati, vyumba kila upande, ua wa nyuma wenye jiko na choo, na baraza la mbele linaloelekea barabarani. Kwa kuwa mwenye nyumba alibakiza chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia, Mzaramo, Mmanyema, Mnyamwezi na Myao walijikuta wakitumia ua mmoja, na mazungumzo ya barazani hayakuwa ya kabila moja. Wakoloni waliouchora mtaa kwa nia ya kuwatenga Waafrika waliwapa, bila kukusudia, mahali pa kukutania.

Mwanahistoria Mohamed Said, ambaye kitabu chake kuhusu maisha ya Abdulwahid Sykes kilitoka mwaka 1998, ameishikilia hoja hii kuliko mtu mwingine yeyote. Kleist Sykes alikuwa miongoni mwa walioasisi African Association mwaka 1929, chama kilichokuja kuitwa TAA (Tanganyika African Association), na ofisi yake ilikuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba. Mwanawe Abdulwahid alikuwa Market Master, yaani msimamizi wa soko la Kariakoo, kazi iliyomkutanisha kila siku na wachuuzi, wavuvi na wakulima, na alikuwa kiongozi wa TAA hadi uchaguzi wa mwaka 1953 katika ukumbi wa Arnautoglo, ambako nafasi ya urais ilikwenda kwa Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu. Ushindani huo ungeweza kukipasua chama, lakini Julai 7, 1954 TANU, iliyochukua nafasi ya TAA, ilizaliwa New Street na wote wawili wakiwamo, na Nyerere alipoacha kazi ya ualimu mwaka 1955 alipokewa na akina Sykes nyumbani kwao. Mshume Kiyate, muuza samaki wa sokoni, alikuwa mmoja wa wazee waliomsaidia kwa mali yao. Lalamiko la Mohamed Said, kwamba historia rasmi iliwasahau watu hawa, limewaudhi baadhi ya wasomaji, lakini ni la haki: mtaa uliotoa ofisi, fedha na watu hauwezi kutajwa kama kituo cha kupita tu.

Soko lililopo lilisanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake la miavuli ya zege, iliyobuniwa pia kukusanya maji ya mvua, bado ni fahari ya ubunifu wa majengo nchini, ingawa moto wa Julai 2021 uliliharibu vibaya.

Zinazofutika ni nyumba zenyewe. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980, fremu, yaani vyumba vya maduka, zimekuwa na thamani kuliko vyumba vya kulala, na familia nyingi zimeuza au kuingia ubia na wajenzi wa maghorofa. Hazistahili kulaumiwa. Lawama ni ya sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, ambayo ulinzi wake wa moja kwa moja unahusu majengo ya kabla ya mwaka 1863, hivyo nyumba za Kariakoo hubaki kusubiri tangazo maalumu la waziri.

Tangazo hilo litolewe kwa nyumba chache zilizobaki, na kabla ya kibali chochote cha kubomoa kutolewa, jiji liagize nyumba ipigwe picha, ipimwe, na wazee wake wahojiwe. Familia zenye hati, barua na picha za zamani nazo zinaombwa kuzipeleka Nyaraka za Taifa kabla tingatinga halijafika.