Injini Ikilia Kra-Kra, Pima Presha ya Oili Kabla ya Kuambiwa Imekufa

Ukikaa kwenye foleni ya feri ya Likoni saa moja asubuhi ukatega sikio, utasikia kila gari na mlio wake. Moja linafanya tik-tik kama saa ya ukutani, jingine linakwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko, na lile Probox lililobeba samaki linagonga kama mtu anayetwanga. Mwenyewe keshazoea. Ukimuuliza atakwambia, "Gari zee hili, ndivyo lilivyo."

Ndugu msomaji, injini hailii kwa sababu ya uzee peke yake. Inalia kwa sababu chuma kinagusa chuma mahali ambapo palifaa pawe na oili. Mimi nilisomea diploma ya ufundi wa magari, na swali ninaloulizwa zaidi baada ya swala ya Ijumaa ni hili: "Gari langu lagonga, fundi asema ninunue injini nyingine. Kweli?" Jibu langu huwa moja. Presha ya oili imepimwa? Mara nyingi haijapimwa, na mtu ashaanza kutafuta mkopo.

Presha ya oili ni nini

Chini ya injini kuna bakuli tunaloliita sampu. Oili hukaa humo. Pampu huivuta kupitia chujio la waya, ikaipitisha kwenye filta, kisha ikaisukuma ndani ya vijia vyembamba mpaka kwenye beringi za krenkshafti, za konrodi, na juu kwenye kemshafti. Krenkshafti haikukusudiwa kulalia beringi. Injini ikizunguka, huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Utando ukikatika, vyuma vinakutana, na hapo ndipo unaposikia mlio.

Kwenye magari mengi tunayoyatumia huku Pwani, oili ina kazi nyingine pia. Chukua injini ya Toyota 1NZ-FE, ile ya 1500 iliyomo kwenye Probox nyingi, Fielder, Sienta na baadhi ya Vitz. Haina belti ya taimingi, ina cheni. Cheni hiyo hukazwa na tenshona inayosukumwa na presha ya oili, na mfumo wa VVT-i unaobadilisha majira ya valvu nao husukumwa na oili hiyohiyo. Presha ikiwa ndogo, cheni hulegea ikapiga kando, na gari likakosa nguvu.

Sasa shika jambo hili: kiasi cha oili na presha ya oili ni vitu viwili. Oili yaweza kuwa imejaa hadi alama ya juu na presha ikawa haipo. Na ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili kwenye dashibodi haikuambii oili imepungua. Inakwambia presha imeshuka chini kabisa, kwa magari mengi kama psi 4 hadi 7 tu. Ikiwaka ukiwa njiani, toka barabarani na uzime injini papo hapo. Usiseme "nitafika tu." Namjua kijana aliyeiona ikiwaka Mariakani akaendelea hadi Changamwe. Alifika kwa gari la kuvuta, injini imenoki, na gari lenyewe lilikuwa bado la mkopo.

Jifunze kutofautisha milio

Tik-tik nyepesi juu ya injini, isiyobadilika: yaweza kuwa nafasi za valvu zimeongezeka, au ni injekta tu zinafanya kazi yake. Huu si mlio wa kukukosesha usingizi, lakini angalia oili.

Kra-kra unapowasha gari asubuhi, kisha unanyamaza baada ya sekunde mbili tatu: huu hutoka upande wa cheni, ambao kwa Probox ni upande wa dereva. Huenda oili yote imeshuka kwenye sampu usiku kwa sababu filta ni ya ovyo, au tenshona imechoka, au gia ya VVT-i imelegea.

Go-go-go nzito kutoka chini, inayozidi ukikanyaga mafuta au ukipanda mlima: hii ni hatari. Mara nyingi ni beringi za konrodi. Fundi mzuri atachomoa koili za plagi moja baada ya nyingine injini ikiunguruma. Akichomoa moja na mlio ukapungua, ugonjwa uko kwenye silinda hiyo.

Mlio wa bati linalotikisika: angalia bati la kuzuia joto kwenye ekzosi. Skurubu zake huliwa na kutu, na hewa yetu ya chumvi haizionei huruma. Nimeona injini ikishutumiwa bure kwa kosa la bati.

Kwa nini presha hushuka

Sababu ni nyingi, lakini nazipanga kuanzia iliyo rahisi.

Ya kwanza ni oili kupungua. Simamisha gari pahali tambarare, zima injini, ngoja dakika 5 hadi 10, chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kisha usome. Baina ya alama ya chini na ya juu huwa kama lita moja kwa magari mengi madogo. Injini ya 1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, kwa hivyo ukipungukiwa na lita moja, umepungukiwa na zaidi ya robo.

Ya pili, oili kuzidi. Watu hawaamini, lakini oili ikizidi mno, krenkshafti huipiga ikawa povu kama juisi kwenye blenda. Pampu ikivuta povu, inavuta hewa, na presha inashuka.

Ya tatu, oili iliyochoka au iliyoharibika. Ikinuka petroli, injekta au plagi zina shida na petroli inashuka kwenye sampu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usiendeshe gari hilo.

Ya nne, filta mbovu. Ndani ya filta nzuri kuna kizuizi cha mpira kinachoshika oili isirudi chini injini inapozimwa. Filta ya bei ya kutupa huenda isiwe nacho, au mpira wake ukakauka mapema.

Ya tano ni chujio la kwenye sampu kuziba. Huziba kwa tope jeusi la oili isiyobadilishwa, na pia kwa silikoni! Fundi anapofunga sampu kwa kupaka silikoni nyingi, inayozidi hufinywa ndani, ikakauka, ikakatika vipande vipande na kwenda moja kwa moja kwenye chujio. Paka kiasi, kaka yangu. Si siagi ya mkate.

Ya sita, sampu kubonyea. Barabara zetu za mitaani zina mawe na matuta. Sampu ikigongwa ikabonyea ndani, huweza kulikaribia chujio hadi oili ikakosa njia ya kupita vizuri. Kuna mzee mmoja wa Kisauni mwenye Probox ya samaki aliyeambiwa injini imekwisha. Geji ilipofungwa, presha ilikuwa ndogo kila wakati, hata akikanyaga mafuta. Sampu ilipofunguliwa, ilikutwa imeingia ndani na chujio limejaa silikoni. Ikanyooshwa, chujio likasafishwa, oili na filta vikabadilishwa. Mzee yuko barabarani hadi leo. Injini aliyokuwa akiichangia pesa hakuinunua.

Ya saba, valvu ya kupunguza presha ndani ya pampu kukwama ikiwa wazi, au pampu yenyewe kuchakaa. Na ya mwisho, beringi kulika. Nafasi ikipanuka, oili inamwagika kandoni kabla haijajenga presha.

Kupima kwa geji

Kazi hii haichukui hata saa moja. Fundi huchomoa swichi ya oili iliyofungwa kwenye mwili wa injini, akafunga geji ya mkono pahali pake. Injini iwashwe ipate joto lake la kazi, hadi feni izunguke, ndipo asome. Oili baridi ni nzito na itakudanganya kwa presha nzuri.

Soma mara mbili: gari likinguruma bila kukanyagwa, na tena kwenye mizunguko 3000. Kipimo halisi ni kile cha kitabu cha injini yako. Usipokuwa nacho, mafundi wana kanuni ya zamani ya kukadiria: kama psi 10 kwa kila mizunguko 1000. Kisha tafsiri hivi:

Presha iko sawa na taa inawaka: swichi imeharibika. Ni kifaa cha bei ndogo, kibadilishe.

Presha iko sawa na mlio upo: tafuta kwenye cheni, tenshona, VVT-i, nafasi za valvu, au bati la ekzosi. Usiguse pampu.

Presha ni ndogo bila kukanyagwa, lakini inapanda vizuri kwenye 3000: oili imekuwa nyepesi mno au beringi zimeanza kulika.

Presha ni ndogo kotekote: anza na sampu, chujio, valvu ya presha na pampu. Hapa ndipo injini nyingi zingeokolewa.

Kuhusu oili nzito

Sasa niseme lile ambalo baadhi ya mafundi hawatalipenda. Dawa inayotolewa upesi zaidi mjini ni hii: "Mwaga hiyo, tia oili nzito, kelele itakwisha." Ni kweli hupungua. Oili nzito haipiti haraka kwenye nafasi iliyolika, kwa hivyo presha hupanda kidogo na mlio hufifia. Lakini beringi iliyolika haikupona, imefunikwa. Waswahili tuna msemo, mficha maradhi kifo humuumbua.

Hoja nyingine ni kwamba Mombasa ni joto, basi oili lazima iwe nzito. Joto la nje lina nafasi yake, na vitabu vya baadhi ya magari huruhusu oili nzito zaidi kwa nchi za joto. Kama kitabu chako kinaruhusu, sina neno. Lakini kumbuka kwamba injini iliyopata moto hukaa karibu nyuzi 90 ikiwa Mombasa au Limuru. Ile 30 ya kwenye kopo la 5W-30 ndiyo inayoeleza uzito wa oili kwenye nyuzi 100, na injini ilitengenezwa na vijia vyake kulingana na uzito huo. VVT-i ina kichujio kidogo cha waya, na oili isiyofaa huichelewesha.

Hatari zaidi ni wakati wa kuuza. Mtu anatia oili nzito wiki moja kabla, gari linanyamaza, mnunuzi analichukua kwa furaha, na mwezi wa pili injini inalala. Anayeuza hivyo ameficha aibu ya bidhaa, na sisi tunajua dini yetu inasemaje juu ya hilo. Wewe unayenunua, nenda asubuhi injini ikiwa baridi na uwashe mwenyewe. Ukilikuta limeshapashwa moto, uliza kwa nini, kisha taka geji ifungwe. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Anza na kilicho rahisi

Utaratibu wangu ni huu. Angalia kiasi cha oili. Badilisha oili na filta kwa aina iliyotajwa kwenye kitabu, kutoka duka linalotoa risiti. Mlio ukibaki, pima kwa geji. Kisha safisha kichujio cha VVT-i. Presha ikiwa ndogo, shusha sampu ukague chujio. Ikiwa iko sawa, kagua cheni na tenshona. Beringi ziwe za mwisho, na injini nyingine ije baada ya hayo yote.

Injini iliyojaa tope usiioshe kwa dawa kali mara moja, kwani tope likibanduka lote huenda likaziba chujio. Afadhali ubadilishe oili mara mbili tatu mapema, kila kilomita 1000 hivi, itasafika polepole.

Na kwa magari ya kazi, usihesabu kilomita peke yake. Gari linalounguruma kwenye foleni ya feri au Kibarani linachosha oili bila kilomita kuongezeka. Kama kitabu kinasema 5000, wewe wa foleni badilisha mapema. Ile chafu usiimwage mtaroni, kwani mitaro yetu huishia baharini. Itie kwenye mtungi, wako wanaoikusanya.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, chomoa kijiti upime. Kisha washa ukiwa umefungua kioo, redio umeizima, usikilize sekunde tano za kwanza. Ukisikia kra-kra, usimwambie fundi "nitengenezee kelele." Mwambie, "Nipimie presha ya oili, nami nione geji kwa macho yangu."