Kila Ulinganisho na Wimbo Wake: Historia ya Gitaa la Mapajani

Ala nyingi za nyuzi humwachia mpigaji uhuru wa kuzitafuta sauti kwa vidole vyake. Gitaa la Hawaii, lile lilazwalo mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma, halina ukarimu huo. Chuma ni kimoja na kimenyooka. Kikiwekwa juu ya nyuzi huzikata zote mahali pamoja. Kwa hivyo sauti zitakazolia kwa pamoja huwa zimekwisha kuamuliwa kabla ya wimbo kuanza, pale nyuzi zilipokuwa zikikazwa na kulegezwa. Uamuzi huo ndio uitwao ulinganisho wa nyuzi. Historia ya ala hii, ikitazamwa kwa makini, ni historia ya watu waliobuni ulinganisho, wakafichana, na hatimaye wakafundishana.

Gitaa lilifika Hawaii katika miaka ya 1830, pamoja na wachungaji wa ng'ombe waliotoka California, nchi ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Mexico. Wenyeji walilipokea gitaa lakini hawakuufuata ulinganisho wa wageni. Walilegeza nyuzi kadhaa hata zikapatana zenyewe, zikawa zinalia vizuri zikiwa tupu, bila ya kubanwa na kidole. Mtindo huo waliuita kī hōʻalu, yaani ufunguo uliolegezwa. Huo ndio msingi ambao juu yake gitaa la chuma lilijengwa, kwani chuma kilichonyooka hakiwezi kutoa sauti tamu ila kwa nyuzi zilizokwisha kupatana.

Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Lāʻie, kisiwani Oʻahu. Inasimuliwa kwamba takriban mwaka 1889, akiwa bado kijana, aliokota kipande cha chuma kwenye njia ya reli, akakipitisha juu ya nyuzi na kuisikia sauti ikiteleza kama sauti ya mwanadamu. Katika shule ya wavulana ya Kamehameha alijitengenezea chuma laini cha kupigia, akaziinua nyuzi zisiguse shingo ya gitaa, na mahali pa nyuzi za utumbo akafunga nyuzi za chuma. Wapo wanaomtaja pia Gabriel Davion, baharia mwenye asili ya India, kuwa alipiga kwa namna hiyo kabla yake. Iwe iwavyo, aliyeikuza sanaa hiyo na kuisafirisha ni Kekuku.

Miaka hiyo haikuwa ya raha kwa watu wa Hawaii. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo, alipinduliwa. Mwaka 1896 sheria iliamuru Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni, na mwaka 1898 visiwa vikachukuliwa na Marekani. Lugha ilipofungiwa milango ya darasa, nyimbo zilibaki kuwa mojawapo ya nyumba zake. Kekuku aliondoka kwao mwaka 1904, akapiga gitaa Marekani na Ulaya, akafa New Jersey mwaka 1932 pasina kurudi kuishi kwao. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwafanya Wamarekani waishangilie sauti hiyo, wengi wao wasijue lolote juu ya msiba wa nchi ilikotoka.

Ulinganisho uliotamalaki mwanzoni ulikuwa wa A. Nyuzi sita, kutoka ule mnene hadi ule mwembamba, zililia E, A, E, A, C# na E. Wote kwa pamoja ni fungu moja la sauti, lile ambalo wanamuziki huliita A meja. Mwanafunzi wa wimbo kama Aloha ʻOe, ambao Liliʻuokalani aliutunga mwaka 1878 kabla hajatawazwa, aliweza kuusindikiza karibu wote kwa kujua mahali patatu tu: nyuzi tupu, alama ya 5 na alama ya 7. Dole gumba lilishika nyuzi nene kwa mwendo wa kudumu, na nyimbo nyingi za wakati huo zilikaa humo kama maneno yakaavyo ndani ya mizani.

Mfano wa mizani haukutajwa bure. Mtunzi wa shairi anayejua kwamba kila mshororo una mizani 16, iliyogawanywa nane kwa nane, hatungi kwanza akahesabu baadaye; hesabu huwa imekwisha kuingia katika fikra yake, ikampa baadhi ya maneno na kumnyima mengine. Neno likizidi hulikata kwa inkisari, likipungua hulirefusha kwa mazida. Mpigaji wa gitaa la mapajani naye ana inkisari yake: sauti anayoitaka ikiwa haimo katika mstari ulionyooka, hukiinamisha chuma kidogo ili kiguse uzi mmoja mbele na mwingine nyuma. Ni ufundi mgumu, na kosa la upana wa unywele husikika.

Kuinamisha chuma kuna mpaka wake. Nyimbo za dansi na jazi zilipoingia zikiwa na mafungu mengi ya sauti, ulinganisho wa A ulianza kubana. Sol Hoʻopiʻi, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1902 na ambaye inasimuliwa kwamba alifika Marekani bara akiwa amejificha melini, alikuja na ulinganisho wa B, D, E, G#, C# na E. Nyuzi nne za chini zilitoa fungu moja na tatu za juu fungu jingine, uzi wa G# ukitumika pande zote mbili. Katika miaka hiyohiyo ala yenyewe iliingia umeme. Gitaa la Rickenbacker lililotolewa mwaka 1932, ambalo umbo lake liliwafanya watu waliite kikaango, lilikuwa gitaa la umeme la mwanzo kupata soko la kweli, nalo lilikuwa la kulazwa mapajani.

Baadaye ukaenea ulinganisho wa C, E, G, A, C na E, uitwao C6. Hapa ndipo mwanafunzi anapoweza kuona jinsi jambo dogo linavyobadili kubwa. Katika ulinganisho wa A, nyuzi tatu nyembamba ni A, C# na E. Katika C6 ni A, C na E. Tofauti ni uzi mmoja uliolegezwa nusu hatua. Lakini fungu la kwanza huchangamka, na la pili huhuzunika. Aliyejifunza wimbo katika A akitaka kuupiga katika C6 hawezi kuvihamisha vidole vyake vilivyo. Hana budi kuusikiliza upya, akatafuta kila sauti imehamia uzi gani, kisha akaamua nini atakiacha. Atapata huzuni ambayo A haikumpa, na atapoteza ule mngurumo wa nyuzi nene uliokuwa roho ya upigaji wa kale. Kwa maneno mengine, anafasiri, na kila mfasiri anajua kwamba hakuna lugha inayotoa bila ya kuchukua.

Ala hii ilivuka pia bahari nyingine. Tau Moe, mzaliwa wa Samoa aliyekulia Lāʻie, kijiji kilekile cha Kekuku, alizunguka Asia na Ulaya na familia yake kwa miongo mingi, na katika miaka ya 1940 aliishi India. Gitaa la Hawaii likaingia katika okestra za filamu za Kihindi. Nyimbo za filamu hizo zilipendwa mno Unguja na Mombasa, na watunzi wa taarabu wakaazima baadhi ya mahadhi yake. Wasikilizaji wengi wa pwani, basi, waliisikia sauti ile iliayo na kuteleza bila ya kujua ilizaliwa kisiwani kama wao. Mafundi wa India nao hawakuubakiza ulinganisho wa Hawaii. Brij Bhushan Kabra, na baada yake Vishwa Mohan Bhatt, waliolitumia gitaa hili kupigia raga, walizilinganisha nyuzi kwa sauti ya msingi inayodumu chini ya wimbo, kwa kuwa raga haihitaji mafungu ya sauti.

Huko Hawaii kwenyewe, ulinganisho ulikuwa mali ya kufichwa. Inasimuliwa kwamba mpigaji akimaliza kupiga alizilegeza nyuzi kabla ya kuliweka gitaa chini, ili mwenzake asije akazigusa na kuijua siri. Kulikuwa na sababu: ulinganisho ulikuwa riziki ya mtu, pengine urithi wa ukoo. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka ya 1960 ilipopita na vijana wakaandama muziki wa roki, wapigaji wa gitaa la chuma walikuwa wamezeeka na warithi wao wachache.

Hapo ndipo mgeni alipokuja ili mwenyeji apone. Jerry Byrd, aliyezaliwa Lima, Ohio, mwaka 1920, aliisikia sauti ya Hawaii utotoni kutoka kundi la wanamuziki waliopita mjini kwao. Aliipenda maisha yake yote, akawa miongoni mwa walioueneza ulinganisho wa C6. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Honolulu, akakuta ala aliyoijia imekaribia kunyamaza, akaanza kuwafundisha vijana wa hapo bila ya kuwaficha kitu. Mmoja wao, Alan Akaka, naye akawa mwalimu wa wengine. Byrd alifariki mwaka 2005. Mtu aliyepewa zawadi na wenye nyumba aliirudisha nyumbani, na wenye nyumba hawakuona haya kuipokea.

Mashairi ya Kiswahili nayo yalitungwa yaimbwe. Hati zilizotufikia zimehifadhi maneno, vina na mizani, lakini mahadhi hazikuyahifadhi. Hayo yalikaa vifuani mwa waimbaji, kila mji na namna yake. Anayeyajua mahadhi ya utenzi mmoja na asiyamfundishe mtu, hata kwa nia njema ya kuuchunga urithi wa nyumba yake, anafanya kama yule mpigaji aliyelegeza nyuzi. Gitaa litabaki, na maneno ya wimbo yatabaki, lakini atakayeliokota kesho hatajua pa kuanzia.